Harambee ya vifaa vya somo la sauti kwa watoto wa P.6 (darasa la sita)

Ndugu wazazi, walimu wenzetu na marafiki wa shule yetu hapa Arua,

Muulize mtoto wa P.6 sauti ni nini, atakujibu bila kusita: "Sauti ni mtetemo." Mwambie akuonyeshe huo mtetemo, atanyamaza. Tunaomba shilingi 650,000 ili watoto wote 60 wauone na waushike kwa mikono yao.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Kata shingo ya puto, livute juu ya bakuli mpaka likaze, lifunge kwa mpira, kisha nyunyizia nusu kijiko cha chumvi laini. Shika sufuria hewani, sentimita 20 kutoka hapo, uigonge kwa mwiko. Chumvi inarukaruka bila kuguswa! Puto likilegea, haisogei. Msimu wa mvua chumvi hushika unyevu na kugandamana, kwa hiyo ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu. Sufuria isiwekwe kamwe kwenye meza moja na bakuli: mtetemo utapita kwenye mbao, na mtoto hatajua kama sauti imebebwa na hewa au na meza. Hapo somo lenyewe limepotea.

Simu ya uzi inataka vikombe viwili vya plastiki nyembamba na mita 10 za uzi wa nailoni. Toboa matako ya vikombe, pitisha uzi, fungia kipande cha kijiti cha kiberiti ndani ili fundo lisichomoke. Uzi ukilegea, au ukigusa ukingo wa dirisha, sauti inafia njiani. Watoto wenyewe ndio watatafuta unagusa wapi.

Fedha nyingi, 420,000, ni za uma 12 za sauti, zile za chuma zenye meno mawili, kila kundi la watoto watano lipate yake. Uma ulioandikwa 512 hutetemeka mara 512 kwa sekunde. Jicho haliwezi kuhesabu, lakini uchovye ncha zake majini uone matone yanavyoruka. Ugongwe kwenye soli ya ndala, si kwenye pembe ya meza, maana chuma kikipinda au kumeguka noti yake inabadilika.

Shilingi 150,000 ni za adungu, yaani kinubi, ndogo ya nyuzi saba kutoka kwa fundi wa Kialur. Tumeipenda kuliko gita kwa sababu urefu wa nyuzi unaonekana waziwazi: fupi zinalia juu, ndefu zinalia chini. Na mtoto akiweka kiganja kwenye ngozi ya adungu, anahisi mtetemo, huku sauti ikififia papo hapo.

Zinazobaki, 80,000, ni za puto, uzi na mipira ya kufungia ya mwaka mzima. Puto hupasuka sana.

Michango ipelekwe kwa mweka hazina wa kamati ya wazazi, naye atatoa risiti. Asiye na pesa alete bakuli au vikombe vya mtindi vilivyooshwa. Vya glasi, na makopo yenye kingo za kukata, hatupokei.