Barua ya malalamiko: Moduli isiyoiona tela yenye taa za LED

Kwa: Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: MODULI YENU YA TELA, SOKETI YA PINI 13

Ndugu Meneja,

Boksi la moduli hii, kifaa kinachounganisha umeme wa gari na taa za tela, limeandikwa kwamba inafaa kwa tela zote. Si kweli, na kitabu cha maelekezo hakigusi sababu.

Moduli hutambua tela kwa kupima mkondo wa taa. Hupeleka mapigo mafupi ya umeme kwenye nyaya za indiketa na breki. Ikikuta balbu ya wati 21, ambayo kwa volti 12 huvuta ampea 1.75, inajua tela imeunganishwa. Taa ya LED ya kazi hiyohiyo huvuta sehemu ndogo tu ya mkondo huo, na moduli yenu inauchukulia kama waya uliokatika. Gari likiingizwa rivasi, sensa za nyuma zinapiga kelele bila kukoma, maana zinaliona bodi la tela. Baya zaidi, mfumo wa kuzuia tela kuyumba hauwaki. Halafu yale mapigo, ambayo hayatoshi kuwasha balbu, yanatosha kuzipepesa LED hata swichi zote zikiwa zimezimwa.

Msituambie tatizo ni eathi, yaani njia ya umeme kurudi. Pini ya 3, ambayo ndiyo eathi ya taa, ndiyo ya kwanza kukaguliwa, kwa sababu ikishika kutu hata tela ya balbu haitambuliwi. Jaribio ni dogo: tela ya LED ikiwa imechomekwa, unganisheni balbu moja ya wati 21 kati ya pini ya 1, indiketa ya kushoto, na pini ya 3. Alama ya tela inawaka kwenye dashibodi. Itoeni, gari likiamka tena alama haipo. Nyaya na fyuzi ni zilezile.

Wahudumu wenu wa simu wanashauri kufunga rezista ya omu 8, kipande kinachovuta mkondo ili kuiga balbu. Injini ikiwaka, kwa volti 13.5, rezista hiyo inavuta karibu ampea 1.7 na kutoa joto la wati 23. Kwenye indiketa inapata nafasi ya kupoa. Kwenye breki, gari likisimama foleni, hapana, na ikifungwa juu ya nyaya inayeyusha plastiki ya nyaya hizo. Tena LED ikifa, rezista inaendelea kuvuta, na dereva anaambiwa taa ni nzima. Huo ni ushauri wa kudanganya gari.

Tunataka mbadilishe moduli zilizouzwa kwa toleo linalosoma mkondo mdogo wa LED, au linalotumia swichi ya ndani ya soketi inayobonyezwa na plagi. Boksi lioneshe mkondo wa chini unaohitajika kwa kila pini, kwa ampea. Ushauri wa rezista ufutwe.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Mafundi umeme wa magari