Kabla Hujakata Tiketi, Mama Neema

Kawangware, Nairobi

Mpendwa Mama Neema,

Hatujambo huku. Mvua imenyesha tangu Jumapili na njia ya kwetu ni matope matupu. Barua yako niliisoma kwenye matatu, nikaisoma tena usiku watoto walipolala. Unasema wauguzi wenzako watano huko Leeds wameanza kuchanga nauli, waje Agosti wakae wiki mbili na watoto yatima, na kwamba umewaahidi mimi nitawatafutia makao ya watoto ya kwenda kujitolea. Nimelala na jambo hili siku nne. Sitawatafutia, na naomba unisikilize kabla hujakasirika.

Unajua nilikuwa mlezi miaka sita katika makao mamoja upande wa Dagoretti. Julai na Agosti ilikuwa miezi ya wageni. Walikuja na peremende, kalamu, viatu, na mapenzi ya kweli, hilo siwanyimi. Kulikuwa na mvulana mmoja wa miaka minne. Alipoletwa alikuwa mwoga sana, anajificha nyuma ya leso yangu. Mgeni mmoja, msichana aliyekuwa akisomea ualimu kwao, alimbeba mgongoni wiki tatu nzima, mtoto akawa hapati usingizi asipomwona. Asubuhi msichana alipoondoka, mtoto alisimama getini mpaka uji wake ukapoa. Akaanza tena kukojoa kitandani, na alikuwa ameshaacha. Mwezi uliofuata wakaja wengine, akapata wa kumbeba, naye akaenda zake. Mwaka ule nilihesabu kumi na mmoja. Ikafika mahali akawa anamkimbilia mtu yeyote anayeshuka garini na kumkumbatia miguu, hata dereva wa lori la maji. Wageni wakawa wanasema, tazameni anavyotupenda! Mimi niliyemwogesha kila jioni nilijua kwamba hakuwa akiuliza tena jina la mtu.

Na Mama Neema, mtoto yule alikuwa na mama. Mama fua wa Kangemi, kodi ilimshinda, akaambiwa kule makao watamlisha na kumsomesha mwanawe bure. Alimleta mwenyewe, akatoka akilia. Nyanya ya mtoto yuko Vihiga, mzima wa afya. Wengi wa wale niliowalea walikuwa hivyo: kuna mzazi, au shangazi, au mjomba, na kijiji chao kinajulikana. Umaskini ndio uliowaleta pale. Lakini nilipouliza kwa nini tusimrudishe yule mvulana kwa mama yake, niliambiwa nisubiri Agosti ipite, kwa sababu vitanda vitupu havileti wafadhili. Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa pale. Mpaka leo nikiyakumbuka, tumbo linanikaza.

Wenzako wasidhani ni ukaidi wangu tu. Serikali yetu ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017. Tuna Sheria ya Watoto ya 2022, na mpango wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwa wazazi na jamaa, au kwa walezi wa kambo pale ambapo jamaa hawapo. Umoja wa Mataifa nao, Desemba 2019, ulizitaka nchi zizuie madhara ya safari hizi za kujitolea kwenye makao ya yatima. Wewe ni muuguzi. Wodi yenu isingemruhusu mtu baki aingie, abebe watoto wa wenyewe na kuwapiga picha, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani.

Sasa, hela walizochanga. Nauli ya mmoja wao ingemlipia mama fua chumba cha mabati Kangemi zaidi ya mwaka mzima. Hapa mtaani kuna chama cha kina mama, tuko kumi na wanne, tunawatembelea watoto waliorudishwa nyumbani pamoja na afisa wa watoto: sare, unga, kodi ya miezi ya kwanza, maana hiyo ndiyo migumu. Daftari la hesabu liko wazi, nitakutumia kila ukurasa. Na wakitaka kuiona Nairobi, karibuni! Waje kama wageni wako. Nitawapikia mukimo, na watoto wangu watawachosha kwa maswali.

Yule mvulana sasa yuko Gredi ya 1. Nilienda kwao mwezi jana. Hakunikimbilia. Alisimama nyuma ya mama yake, akamvuta gauni, akamuuliza mimi ni nani. Mama yake aliona aibu, akawa ananiomba msamaha, nami machozi yalikuwa yananitoka kwa furaha.

Nipigie Jumapili jioni tuongee vizuri. Na tafadhali, wasilipie chochote mpaka tuzungumze.

Wako wa tangu shule,
Atieno