Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: Tunaomba ufunguo wa chumba cha mazoezi

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Yah: Matokeo ya mtihani wa vitendo, stashahada ya utabibu

Kwa heshima na taadhima, naomba urejee barua zangu mbili nilizozileta kwa mkono wangu, ya kwanza mwezi Machi na ya pili mwezi Julai, ambazo katibu muhtasi wako alizigonga muhuri wa kupokelewa nikiwa nimesimama mbele yake. Sijajibiwa hata moja. Hii ya tatu nisingeiandika hadharani kama matokeo yaliyobandikwa Ijumaa iliyopita yasingemrudisha binti yangu hapa Newala akiwa na sapu (mtihani wa marudio) ya vitendo kwa mara ya pili, yeye na wenzake ambao, kwa hesabu aliyonipa, wanazidi nusu ya darasa.

Siandiki kwa uchungu wa mzazi peke yake. Mimi ni tabibu mstaafu, wa kada inayotibu wagonjwa bila kuwa daktari. Nimefanya kazi kwenye zahanati za uwanda wa Makonde kwa miaka zaidi ya thelathini, mahali ambapo mgonjwa akikuita "daktari" huwezi kumjibu kwamba daktari ni mwingine, kwa sababu huyo mwingine yuko umbali wa nusu siku ya barabara mbovu. Kwa hiyo sikuombi mtihani ulegezwe. Anayestahili kufeli na afeli, maana mimi nimeshazeeka na huenda nikawa mgonjwa wake. Ninachouliza ni namna gani mwanafunzi anapimwa kwa kitu ambacho hajaruhusiwa kukigusa.

Katika mtihani huo, ambao mwanafunzi hupita kituo kimoja baada ya kingine, binti yangu aliangukia kituo cha mtoto mchanga asiyepumua. Wewe na mimi tunakijua kituo hicho: kengele inalia, unaingia, dakika zinahesabiwa, msimamizi ananyamaza na karatasi yake. Mtoto aliyezaliwa bila kupumua hata baada ya kukaushwa na kusuguliwa anatakiwa awe ameanza kupumulishwa kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe, kwa mipumuo kama 40 kwa dakika, na kifua kisiponyanyuka unaweka kichwa sawa na kubana barakoa upya. Haya yote binti yangu anayajua kwa mdomo, nimemuuliza usiku wa manane akayataja. Mikono yake ndiyo haijui. Aliniambia kwamba katika miaka mitatu ameushika mfuko wa kupumulishia mara moja, kwa muda usiotosha kufunga kamba za viatu, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na foleni.

Katika kikao cha wazazi cha mwaka jana ulisimama, Ndugu Mkuu, ukatueleza kwamba chuo kimepata sanamu mpya za kufundishia, na kwamba chumba cha mazoezi kitakuwa wazi kila siku hadi saa mbili usiku, chini ya mkufunzi wa zamu. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko jirani zangu. Nilipokuja kulipa ada nikaomba kukiona chumba hicho. Nikaambiwa kwamba mwenye ufunguo yuko Lindi kwenye semina. Nilichungulia dirishani kama mwizi, nikaiona sanamu ya mtoto mchanga imelala mezani, bado imevaa nailoni iliyotoka nayo kiwandani. Mfanyakazi mmoja akaniambia kwa wema kabisa kwamba vifaa vile vinatunzwa visije vikaharibika kabla wakaguzi hawajafika. Nashukuru kwa utunzaji huo. Hakika sanamu ile itastaafu ikiwa na afya njema kuliko mimi.

Mtaniambia mazoezi yapo wodini. Yapo, lakini kitanda kimoja kinazungukwa na wanafunzi ishirini na ushee, na anayemgusa mgonjwa ni yule aliyewahi kusimama mbele. Wengine wananakili kutoka kwa aliyenakili. Nadhani hata madesa, yale makaratasi ya kujisomea wanayopeana wanafunzi, yanatokana na hali hiyo. Katika madesa ya binti yangu nilikuta dozi ya atesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, imeandikwa miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa wagonjwa wote, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishatoa maelekezo tangu 2015 kwamba mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo. Karatasi hiyo imetolewa kopi ya kopi hadi herufi zimefifia, na hakuna mkufunzi aliyeiona akaichana.

Halafu kuna suala la ada, ambalo sijui kama limewahi kufika mezani kwako. Wengi wetu tunalipa kwa korosho. Minada inaanza Oktoba na fedha zinaingia kwenye akaunti zetu kwa mwendo wake zenyewe, lakini Oktoba hiyohiyo ndipo watoto wanaporudishwa nyumbani kufuata ada, wakakaa wiki mbili au tatu huku wenzao wakipangiwa wodi. Sidai msamaha. Nasema tu kwamba wiki hizo hazirudishwi, na mtihani hauulizi korosho zako ziliuzwa lini.

Huko Marekani, ambako kada inayofanana na yetu ilianzishwa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, kila chuo kinalazimika kutangaza hadharani ni wahitimu wangapi wamefaulu mtihani wao wa taifa wa maswali 300, ili mzazi ajue anampeleka mtoto wapi. Nilitaka kuomba na sisi tubandikiwe hesabu hiyo pale getini. Nikaona nisikuchoshe kwa maombi mengi, maana hata lile moja la kwanza bado.

Sapu ni mwezi ujao. Nimeshalipia, na nimeshauza mbuzi wawili kwa ajili ya chumba atakachopanga. Binti yangu atapanda basi la alfajiri Jumapili kuja Mtwara, na Jumatatu atakuwa mlangoni pa chumba cha mazoezi pamoja na wenzake. Naomba waukute umefunguliwa. Naomba hilo tu, Ndugu Mkuu: mlango uwe wazi na nailoni iwe imevuliwa. Na kama ufunguo umepotea, tuambiwe bila kuoneana haya, kwa sababu namfahamu fundi makufuli pale sokoni na gharama yake nitaibeba mimi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi na tabibu mstaafu,
Newala, Mtwara