Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazazi na walimu,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nimesimama kwa jambo moja lililoninyima usingizi mwaka huu: hapa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma tuna watoto wanaosoma vizuri bila kuelewa wanachosoma.

Mwezi wa Machi nilikaa na kikundi chetu cha kusoma cha jioni. Binti mmoja kutoka Sudan Kusini, yuko Gredi ya 3, alisimama akasoma: "Babu alipanda mnazi." Hakukwama hata silabi moja. Nikamuuliza, babu alifanya nini? Akajibu bila kusita kwamba babu alisafiri, na mnazi ni aina ya gari. Wenzake walicheka. Mimi nilibaki nikimtazama. Amesikia watu wakisema wanapanda bodaboda. Kupanda mti au kupanda mbegu hajafundishwa, na mnazi hajauona, maana huku kwetu ni mikoma tu. Alitafuta maana kwa kila alichokuwa nacho. Kosa ni letu tuliompa herufi kabla ya kumpa maneno.

Kiswahili, kwa uzuri wake, kinaweza kutudanganya. Kinaandikwa kinavyotamkwa, basi mtoto akishazijua irabu tano na silabi zake, anasoma ukurasa wowote kwa sauti. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani akisikia hivyo anaenda kwa mwingine, na siwezi kumlaumu. Kwa Kiingereza mtoto asiyeelewa hujulikana mapema kwa sababu hukwama. Kwa Kiswahili anaweza kufika madarasa ya juu kabla hatujagundua. Wazazi wa Kisomali mnalijua hili kutoka duksi, yaani madrasa ya Kurani, ambako mtoto huanza kwa kusoma Kiarabu kwa sauti, na maana huja baadaye.

Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Lugha ya eneo hili ni Kiturkana, na darasani wamo watoto wa Kinuer, Kidinka, Kisomali, Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Kazi ya lugha ya nyumbani imetuangukia sisi.

Ndiyo maana tangu Mei hatufungui kitabu kabla hadithi haijasimuliwa kwa lugha ya mtoto, na mama au kaka mkubwa. Baadaye tunataja vitu kwa Kiswahili, tunavigusa, tunavichora, halafu ndipo tunasoma. Tunakwenda polepole, na baadhi yenu mmelalamika kwamba watoto hawamalizi vitabu. Nimewasikia, ila siwezi kukubali turudi tulikotoka.

Tuliacha pia kusahihisha ovyo. Mtoto wa Kisomali akisoma "babai" badala ya "papai" tulikuwa tunamkatiza, ilhali Kisomali hakina sauti hiyo ya "p". Mmoja aliacha kabisa kusoma mbele ya wenzake, na hilo bado linaniuma. Sasa tunamwambia atuonyeshe papai pichani. Akilionyesha, ameelewa, na ulimi utazoea. Vivyo hivyo kwa watoto wa Kongo wanaosema "bitabu" na "batu". Mimi ni mtu wa Uvira. Hicho ni Kiswahili cha mama zao, nao wanafika darasani wakiwa na lugha tayari; tunawaonyesha tu kwamba kitabuni huandikwa "vitabu" na "watu".

Hatukufaulu kwa mahudhurio. Mgao wa chakula ulipopunguzwa, watoto wakubwa walianza kutafuta vibarua jioni, na mvua zikinyesha, laga, ule mto mkavu wa msimu, ikijaa, wa ng'ambo hawavuki. Kwa haya sina jawabu la kuwaletea leo.

Naomba mkutano uamue mambo mawili. Kila bloku itoe mtu mzima mmoja anayeweza kusoma na kuandika lugha yake ya nyumbani. Pia tutenge fedha za daftari na kalamu, tuandike hadithi zetu fupi zenye vitu ambavyo watoto wanaviona: mikoma, ngamia, foleni ya maji.

Ya kwanza imeshaandikwa na binti yule yule, akisaidiwa na mama yake, kwa Kinuer upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Inahusu jerikeni lililopotea bombani. Iko mezani kwa katibu. Isomeni kabla ya kupiga kura.

Mwenyekiti