Korodani kupanda juu si lazima iwe ngiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi wanaume hulisema kwa mafumbo tu, tena kwa mtu asiyestahili kuulizwa, nalo ni korodani kupanda hadi kwenye kinena na baadaye kurudi mahali pake, kwa mwanamume ambaye ameshakuwa mtu mzima.

Mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 41, na nina shamba dogo la zabibu huku Mpunguzi. Hali hiyo ninayo tangu ujana, upande wa kulia. Ifikapo Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapovuma alfajiri nami nikiwa shambani, korodani hiyo hupanda hata nikipapasa mfuko wa korodani naukuta mtupu upande mmoja. Nikirudi nyumbani nikaoga maji ya moto, inateremka yenyewe. Kwa miaka miwili niliamini kuwa ni ngiri, kwa sababu ndivyo lilivyotangaza gari lenye kipaza sauti siku ya mnada: korodani moja ikipanda na tumbo likiunguruma, una ngiri, na dawa ipo. Nilinunua unga wa mizizi kopo baada ya kopo, nikaunywa na uji. Tumbo liliunguruma kweli, ila nadhani ni kwa sababu ya ule unga.

Daktari niliyemwona hatimaye alisugua viganja vyake vikapata joto, akanilaza, akaiteremsha korodani taratibu kwa vidole mpaka chini ya mfuko, akaishikilia kitambo, kisha akaiachia. Ikabaki pale pale. Alinieleza kuwa hicho ndicho kipimo kikubwa, kwani korodani inayoshuka na kutulia imevutwa tu na msuli uitwao kremasta, ambao kazi yake ni kuipandisha wakati wa baridi, hofu au tendo la ndoa, na kuiachia wakati wa joto, ili ikae kwenye joto lililo chini kidogo ya lile la mwili, ambalo ni kama nyuzi 37. Kwa baadhi yetu msuli huo una pupa kuliko kawaida. Ikiwa hakuna maumivu, hakuna dawa inayohitajika, iwe ya hospitali au ya kopo.

Ngiri yenyewe ni kitu kingine: ni uvimbe wa kinena unaojitokeza mtu anapokohoa au kunyanyua mzigo, na tiba yake ni upasuaji.

Hata hivyo, sisemi kwamba kila korodani iliyopanda ipuuzwe. Ile isiyoteremka hata kwa maji ya moto, au inayoruka juu mara tu inapoachiwa, au ambayo haijawahi kuonekana mfukoni tangu utotoni, inapaswa kupimwa na daktari, kwa kuwa korodani isiyoshuka huongeza uwezekano wa kupata saratani na huweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Aende pia mtu aliyewahi kupasuliwa ngiri kisha korodani ya upande huo ikaanza kuvutwa juu, maana kovu linaweza kuishika. Na yule anayepapasa akakuta uvimbe mgumu, hata kama hauumi. Maumivu yanayokuja na kuondoka kila inapopanda nayo yana tiba, kwani daktari anaweza kuishonea korodani mahali pake kwa upasuaji mdogo.

Liko jambo moja lisilosubiri hata kupambazuke. Korodani ikipanda ghafla kwa maumivu makali, pengine pamoja na kutapika na uvimbe, huenda imejisokota na kukata njia ya damu yake, na nafasi ya kuiokoa ni kubwa zaidi upasuaji ukifanyika ndani ya saa 6. Kwa sisi wa vijijini, ambako gari la kwenda mjini huondoka alfajiri tu, saa hizo huisha mtu akiwa bado anaona haya kumwamsha jirani mwenye pikipiki. Wanaopatwa zaidi ni vijana wa umri wa wanafunzi wangu, na hao ndio wasiothubutu kumwambia mama kinachowauma.

Mhariri, matangazo madogo ya dawa za kushusha korodani hayakosekani katika magazeti yetu. Kama hamwezi kuyakataa, naomba chini ya kila tangazo la namna hiyo mchapishe maneno haya: "Maumivu makali ya ghafla ya korodani hutibiwa hospitali, ndani ya saa 6."

Wako,
Mwalimu na mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma.