Jaketi halidai paterni ya dukani, linadai nafasi kwapani

Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya ushonaji mliyosema anayeanza asiguse jaketi mpaka awe na paterni ya kununua, yaani yale makaratasi yaliyochorwa tayari vipande vya kukatia, nikacheka peke yangu, manake jaketi nililovaa hapa naandika nililikata sakafuni kwa chaki na futi kamba tu. Paterni nzuri, sikatai, ila msiwatishe watu kiasi hicho.

Kinachoua majaketi ya nyumbani sio kukosa karatasi, ni kukata kwa kipimo cha mwili. La kwanza kabisa nilipima kifua nikapata sentimita 96, nikagawa kwa nne, nikakata 24 kila robo, nikajiona fundi. Na hapo mshono wenyewe haujala chake! Nikalivaa kwa kulibembeleza, nikanyoosha mkono nichukue kikombe kabatini, nikasikia krrr, kwapa la kulia limeachia mpaka mbavuni. Jaketi linavaliwa juu ya nguo nyingine jamani. Siku hizi naongeza 16 kwenye kifua kabla sijagawa, yaani 96 inakuwa 112, robo yake 28, alafu moja na nusu ya mshono juu yake, basi.

Kitambaa nakifua kwanza, hasa pamba, manake pamba ikikutana na maji inarudi na jaketi utalivaa mara moja tu. Kikishakauka nakipiga pasi, nakikunja mara mbili, mkunjo mmoja unakaa mabegani mwingine katikati ya mwili, alafu nachora nusu ya herufi T, mwili na mkono vikiwa kitu kimoja, hakuna kuhangaika kupachika mikono. Kitambaa cha upana wa 150 ukikikunja hivyo unapata 75 toka katikati ya shingo mpaka kwenye kiwiko cha mkono na kuendelea hadi kifundo, na kama mikono yako mirefu unaunga kipande mwishoni, wala haionekani vibaya, watu watadhani ndo mtindo. Shingo naanza ndogo, 8 kila upande, nyuma nashuka 2 tu. Kufungua mbele nachana ule mkunjo wa kati upande wa mbele peke yake, ukipitiwa ukachana na mgongo hapo umejipatia foronya.

Asiyeamini hesabu zake achukue shati pana linalomkaa vizuri, alilaze juu ya kitambaa, apitishe chaki vidole vitatu nje yake. Au ajaribie kwenye shuka kuukuu, apige bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda tu, avae, akae chini, ajikumbatie. Likimbana mgongoni akijikumbatia basi ajue bado.

Sasa kwapa, hapo ndo pana shughuli na ndo mliporuka nyie. Usikate kona kali, izungushe kama mgongo wa kijiko. Ukishashona, chanja vichanjo vidogo vidogo kuelekea mshono bila kuugusa, acha kama milimita 2, la sivyo ukiligeuza upande wa nje kitambaa kinajikunyata na jaketi zima linavuta. Na kama bado ukinyanyua mkono pindo la chini linapanda nalo, usilitupe, fumua kidogo hapo kwapani uingize kipande cha mraba 10 kwa 10, kona moja ielekee mkononi na nyingine kiunoni. Lile la kwanza langu ndo nililiponya hivyo, kwa kipande cha rangi nyingine kabisa, na nililivaa miaka.

Ukingo wa mbele na shingo naumalizia kwa utepe wa kitambaa hichohicho, ila wa shingo nakata mshazari maana ule ulionyooka haukubali kuzunguka, unasimama tu kama kola iliyonuna. Zipu sina ugomvi nayo ila kwa jaketi la kwanza mi ningeacha wazi au niweke vifungo viwili.

Kingine, mmeandika mifuko iwekwe mwisho. Hapana mhariri! Mi naibandika kabla sijashona mbavu, jaketi likiwa bado limelala bapa mezani. Ukishafunga mbavu, kubandika mfuko ni kulisokota jaketi zima chini ya sindano, na nyuma yake unaushona mgongo pamoja na mfuko bila kujua.

Msomaji wenu, fundi wa sebuleni