Barua ya wazi kwa Gavana wa Kentucky: onyo la kimbunga litufikie kwa Kiswahili

Mheshimiwa Gavana Andy Beshear,

Salamu kutoka Bowling Green. Usiku wa Desemba 10 kuamkia 11, 2021 huhitaji kusimuliwa. Dawson Springs, mji wa asili ya baba yako, ulikuwa katika njia ya kile kimbunga kikubwa, cha aina iitwayo tornado, kilichoubomoa mji wa Mayfield saa tatu na nusu usiku. Kilitambaa ardhini kwa muda wa karibu saa tatu, zaidi ya kilomita 260, kikaua watu 57. Tisa kati yao walikuwa zamu ya usiku katika kiwanda cha mishumaa.

Chetu kilikuwa kingine, na kilitukuta baadaye, saa saba usiku imeshapita, watu wengi wamelala. Kaunti ya Warren ilizika watu 17. Barabara moja tu, Moss Creek, ilipoteza 11, wakiwemo watoto wachanga wawili. Mji huu umepokea wakimbizi kwa miaka mingi: Wabosnia waliokuja miaka ya 1990, watu wa Burma, na sisi Wakongo. Kwa hiyo msiba ule ulililiwa kwa lugha nyingi. Onyo lake halikutolewa kwa lugha nyingi, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Mheshimiwa, fikiria nyumba moja ya kupanga hapa mjini. Simu inalia ule mlio wake wa kushtua. Mama aliyelelewa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, anaangalia kioo kimejaa Kiingereza. Anamwamsha mwanawe wa darasa la nne amsomee. Mtoto amelewa usingizi, anasoma nusu, anasema, "Mama, kuna upepo," anarudi kulala. Mama anampigia mzee wa kanisa. Mzee naye anaongea na mwingine. Mara nyingi onyo la kimbunga hutangulia kwa dakika kumi na kitu tu, pengine chini ya hapo. Hesabu zimebaki ngapi.

Najua kuna juhudi. Mwaka 2023 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba simu ziweze kupokea maonyo yaliyoandaliwa tayari kwa lugha 13 zaidi ya Kiingereza. Kifaransa kimo, Kiarabu kimo, Kihindi kimo. Kiswahili hakimo. Kifaransa kitamsaidia Mkongo aliyesoma, na hao tunao, lakini si yule mama niliyemtaja.

Wapo watakaokwambia siku hizi simu hutafsiri zenyewe. Onyo la Kiingereza likiisha saa 1:45 baada ya usiku wa manane, mashine ikiacha namba vilevile na kuandika "saa 1:45 asubuhi", sisi tuliozoea saa za Kiswahili tutasoma kwamba jua limeshatoka, watoto wanakwenda shule. Muda wenyewe kwetu ni saa saba na dakika 45 usiku. Kosa la saa sita, usiku wa kimbunga! Na maonyo hutaja kaunti: Warren, Simpson, Allen. Mgeni wa miezi michache anajua mtaa wake na kituo cha basi. Kaunti hajaambiwa ni kitu gani.

Ombi langu si kubwa. Maonyo haya hayatungwi upya kila mara, maneno yake ni yale yale. Idara yako ya dharura iandae matangazo mafupi ya sauti, yaliyosomwa na mtu, si mashine. La kwanza liseme hali ya hewa inaweza kuleta kimbunga, kaeni macho, chajini simu. La pili liseme kimbunga kimeonekana au rada imekinasa: shukeni chumba cha chini ya ardhi sasa hivi, na kama hakuna, ingieni bafuni au kijichumba cha nguo ghorofa ya chini, mbali na madirisha, mjifunike godoro. Anayeishi kwenye nyumba ya trela aambiwe waziwazi kwamba humo hamna usalama, atoke mapema aende jengo imara. Tena aambiwe ving'ora vya mjini vimewekwa kwa ajili ya walio nje. Aliyelala ndani, feni inavuma, asivitegemee. Nasema sauti kwa sababu wazee wetu wengi hawasomi lugha yoyote, ila WhatsApp ya sauti wanaifungua hata gizani. Wasomaji wa kujitolea tutawapata makanisani na msikitini wiki hii hii.

Usiku wa Mei 16, 2025 kimbunga kingine kiliua watu 19 upande wa Somerset na London. Safari hiyo ilikuwa Mei, ile ya kwetu ilikuwa Desemba. Hakuna mwezi wa kulala fofofo tena. Kila Machi jimbo hufanya zoezi la kujihami na vimbunga. Tunaomba zoezi la Machi ijayo lisikike pia kwa Kiswahili, tujue mapema ni nyumba zipi halikufika.

Wako katika ujenzi wa jimbo,
Mkazi wa Bowling Green, Kaunti ya Warren